Sakafu ya Nyumba ya Bwana Bilaranda

Nyinyi vijana mkiingia nyumba ya mtu mnatazama juu. Mnatazama dari, taa, feni, rangi ya ukuta. Mimi natazama chini. Mwenyeji akiniona nimeinama hudhani nimedondosha pini ya ushungi, huanza kunisaidia kuitafuta, nami namwacha atafute. Wakati huo nimeshajua kama sakafu yake ilimwagwa kwa utulivu, au fundi alikuwa anawahi futari. Kazi ikishakaa mwilini haitoki, na kazi yangu mimi ilikuwa kupigilia sakafu.

Najua wengi wenu hamjawahi kuiona. Mjukuu wangu anayejifunza uashi alinisikiliza juzi, kisha akauliza, "Bibi, sasa hiyo ilikuwa kazi au ngoma?" Nilitaka kumkasirikia, lakini swali lake lilikuwa zuri. Ilikuwa vyote viwili. Kwa hiyo nakuelezeni kama nilivyomweleza yeye.

Kabla simenti haijatapakaa pwani hii, nyumba ya mawe hapa Bagamoyo ilikuwa na sakafu ya chokaa. Chini unapanga mawe, juu yake kokoto, kisha unamwaga chokaa iliyochanganywa na mchanga. Baada ya hapo wanaume wanakaa pembeni, na wanawake wanaingia. Tulichuchumaa kwa safu, bega kwa bega, kila mmoja ameshika kipande chake, yaani kibao kinene chenye mpini, na tuliipiga ile chokaa huku tukirudi nyuma kidogo kidogo. Mmoja ananyunyiza maji. Mmoja anaimbisha, sote tunaitikia. Tunapiga asubuhi, tunapiga baada ya adhuhuri, kesho yake tunarudi palepale. Chokaa haishiki kwa kuachwa kama simenti yenu. Inashika kwa kusumbuliwa.

Na ule wimbo haukuwa pambo. Bila wimbo kila mtu anapiga kwa moyo wake. Mwenye hasira anapiga kwa nguvu, mwenye usingizi anapiga kwa kubembeleza, na sakafu inakuwa na mabonde. Wimbo unawafanya wote wapige kwa mkono mmoja. Ndiyo maana mwimbishaji alikaa katikati ya safu, si pembeni, ili sauti yake ifike kulia na kushoto sawasawa.

Mwimbishaji wetu alikuwa Bi Kidawa. Mwanamke mfupi, mweusi wa kung'aa, ulimi wake mkali kuliko chokaa mbichi. Mimi nilikuja kwake nikiwa mtu mzima, nimeachika, nina watoto wawili nyumbani kwa mama yangu. Nikampa shikamoo yake, nikamwambia nataka kazi. Hakuniuliza nina nguvu kiasi gani. Aliniuliza, "Unajua kunyamaza?" Nikasema najua. Akasema, "Basi utajifunza kuitikia, maana asiyejua kunyamaza haitikii, anadakia." Akaniweka kulia kwake, na hapo ndipo palikuwa mahali pangu kwa miaka yote.

Alinifundisha chokaa kwa pua. Tulikuwa tunachoma mawe ya matumbawe juu ya rundo la magogo, yakiiva tunayazima kwa maji, kisha tunaifukia ile chokaa ilale miezi. Watu wenye haraka waliichimbua mapema. Kulikuwa na bwana mmoja wa duka aliyetulazimisha tumtandikie chokaa changa kwa sababu harusi ya binti yake ilikuwa imekaribia. Bi Kidawa akamwonya, akakataa kusikia, tukamtandikia. Siku ya harusi sakafu ilikuwa inatoa vijipele na kupasuka, ngoma inachezwa na vumbi jeupe linapanda, bibi harusi kavaa nyekundu akatoka amekuwa wa rangi ya unga. Tangu siku hiyo Bi Kidawa hakuitandika chokaa bila kuinusa kwanza. Iliyolala vizuri hainukii moto. Hata sasa hivi nikipita penye jengo nanusa.

Sasa nije kwenye nyumba yenyewe.

Ilijengwa kabla ya vita vya pili vya Wazungu, nje kidogo ya mji, ukishika njia ya Makurunge. Mwenyewe alikuwa Mwingereza mtu mzima aliyekuwa mchoraji wa majumba huko kwao, hana mke, Kiswahili chake amejifunzia Unguja na anakisema vizuri tu, ila polepole. Jina lake hatukulishika. Tulimwita Bwana Bilaranda, na sababu ni hii. Fundi Shomari, aliyekuwa mkuu wa mafundi pale, alimletea mbao za mlango zimepigwa randa mpaka nzi akitua anateleza. Yule Bwana akazipapasa, akashusha pumzi kama mtu aliyeletewa habari ya msiba, akasema, "Fundi, nimepoteza kazi yako. Siioni tena." Akaomba mbao zichongwe kwa tezo tu, kile kishoka cha kuchongea, na makovu ya tezo yaachwe.

Fundi Shomari alikuja kwetu tukiwa tunachekecha mchanga, karibu kulia. "Jamani, mtu anataka mlango mbovu, na ataulizwa nani kautengeneza!"

Si hilo tu. Kila kiungo cha mbao alitaka kionekane, ncha ya ubao mmoja itokeze upande wa pili wa mwenzake, ipigwe kigingi cha mti, na kigingi kitokeze nacho. Sisi tulizoea kwamba fundi hodari ni yule anayeficha viungo. Madirisha nayo hayakulingana. Upande wa bahari mengi yamejipanga, upande wa barabara moja tu, limejibanza pembeni. Watu waliokuwa wanapita kwenda shamba walisimama wakahesabu, wakaondoka wakitikisa vichwa. Paa lilikuwa refu, limeinuka sana kati na kushuka mpaka ukisimama kibarazani unaligusa kwa mkono, na aliliezeka kwa makuti mazito. Wenye nyumba za makuti mjini walikuwa wanalilia mabati, na huyu mwenye uwezo wa mabati analilia makuti.

Lililotumaliza kabisa lilikuwa lile jiko. Sebuleni, ndani kabisa, alijenga kijichumba cha mawe chenye mabenchi mawili yanayotazamana, na katikati yake mahali pa kuwashia moto, na dohani inayopanda mpaka nje ya paa. Bagamoyo hii! Mwezi wa Februari! Bi Kidawa alilizunguka, akachungulia ndani ya dohani, akatoka bila masizi, maana moto haujawahi kuwashwa mle. Akaniambia, "Tatu, huyu mtu atajibanika mwenyewe, na makuti juu yatamalizia."

Mimi nilikuwa na udadisi ambao ulikuwa ukiniletea matatizo tangu utotoni. Nikamwendea Bwana nikamuuliza jiko la nini. Hakukasirika. Akasema kwao nyumba haijengwi kuanzia mlangoni, inajengwa kuanzia penye moto, watu wakae wameuzunguka. Na ingawa hapa hatauwasha, hajui kuanza nyumba mahali pengine. Nikamwona kama mtu anayemtafuta mama yake. Halafu akaniambia niketi pale kwenye benchi. Nikaketi. Wanangu, palikuwa na ubaridi! Ile dohani ilikuwa inanyonya hewa ya joto kutoka sebuleni na kuitoa juu, na upepo mwingine unaingia chini. Nilimwita Bi Kidawa, akaketi, kisha akasema, "Haya, jiko la kupika baridi," na hakuinuka mpaka adhuhuri.

Kwa hiyo msinielewe kwamba tulikuwa tunamcheka mjinga. Hakuwa mjinga. Alikuwa na jambo analolitafuta, na mimi nilitaka kujua ni jambo gani. Siku moja alisema mbele yetu sote kwamba anataka mtu akiingia mle aone nyumba ile imejengwa na watu. Bi Kidawa akauliza, "Kwani nyingine zilijengwa na majini?" Bwana akacheka mpaka akavua miwani. Lakini mimi sentensi ile nilienda nayo nyumbani.

Mafundi nao walibadilika. Fundi Shomari, aliyetaka kulia, baada ya muda ukimkuta anachonga kigingi usimsemeshe. Alikuwa anashindana na wenzake nani kigingi chake kitakaa vizuri zaidi, maana sasa kinaonekana na kila mtu. Bwana alimwambia achonge juu ya mlango mkubwa kitu chochote anachokiona kila siku. Mwenzetu akafikiria wiki nzima, akachonga majani ya muhogo. Muhogo, juu ya mlango wa tajiri! Lakini ukiyaona yale majani unaona na upepo uliopita ndani yake.

Sasa, kuhusu sakafu. Bwana Bilaranda hakutaka simenti. Fundi Shomari alitaka, na sababu zake zilikuwa za maana. Simenti ilikuwa imeanza kuingia kwa wingi, inamwagwa leo, kesho kutwa unapita. Akamwambia Bwana wazi kwamba chokaa ya kina mama inachukua muda na siku hizi haiaminiki, maana nyumba kadhaa mjini zilikuwa zimepasuka sakafu. Hakusema zilipasuka kwa sababu ya chokaa changa na wapigiliaji wa kuokoteza. Wakakubaliana hivi: sebule ipigiliwe chokaa kwanza. Ikikauka bila ufa, vyumba vingine vyote ni vyetu. Ikipasuka, vyumba vyote ni vya simenti, na kina mama watafute shughuli nyingine.

Tulijua maana yake si nyumba moja. Wenye majumba mjini walikuwa wanakuja kumtazama yule Mzungu wa ajabu, na wote walikuwa wanasubiri waone sakafu. Ile sebule ndiyo iliyokuwa mizani ya kikundi chetu. Bi Kidawa alilichukua jambo lile moyoni. Alisema mbele ya Fundi Shomari, "Ikitoka ufa hata wa kupita siafu, nakitundika kipande changu ukutani na sikishiki tena." Nilimtazama. Alikuwa amekonda siku zile, na kikohozi kilikuwa kimemkaa.

Tukaanza. Siku ya kwanza tulikamata upande wa mlangoni. Bi Kidawa akaimbisha wimbo alioutunga njiani:

Bwana ana uwezo, kaezeka makuti,
Jiko kaweka sebuleni, na kupika hapiki!

Nasi tunaitikia, "Haya twende, chokaa ilale!" Vipande vinashuka pamoja. Bwana akatoka kusikiliza, akaomba tuurudie, akasimama anachezesha vidole juu ya fimbo yake. Halafu akainama. Chokaa ilikuwa bado na unyevu, na alama za vipande vyetu zimejipanga juu yake kama magamba ya samaki. Uso wake ukang'aa.

"Bi Kidawa," akasema, "simameni hapa. Msiendelee. Hivi hivi ndivyo ninavyotaka."

Safu ikasimama. Bi Kidawa akafuta jasho. "Bwana, hapa sakafu haijazaliwa. Hizi alama ni za kupita. Tukiiacha hivi itakunywa maji, na kikifika kiangazi itakatika."

"Lakini mkiendelea, mikono yenu itapotea."

"Haipotei, Bwana. Inazama."

Bwana akainama tena, akazigusa zile alama. Aliona kwamba lile jambo alilolitafuta kwenye mbao halipatikani kwenye chokaa kwa njia ileile, na ilimuuma. Kisha akasema, "Sakafu ni yako, Bi Kidawa," akaenda zake. Wote wawili walikuwa na haki, na mpaka leo sijamaliza kulifikiria. Yule anataka kazi ya mkono ionekane. Huyu anaona mkono umefanya kazi pale ambapo hauonekani tena.

Siku ya pili tukapiga katikati ya sebule. Bi Kidawa alikohoa sana, wimbo ukawa unakatika, nami namdakia maneno, naye ananipiga jicho. Jioni nikamwambia apumzike kesho. Akaniambia, "Mwanangu, kesho ndiyo tunafika kwenye jiko. Nipumzike vipi?"

Siku ya tatu hakuja. Alimtuma mtoto wa dada yake: ana homa, tuanze, atatukuta. Mafundi walikuwa wameshamwaga chokaa ya sehemu ya mwisho, kutoka katikati mpaka kwenye lile jiko, kwa hiyo hatukuwa na cha kungoja. Tukaketi, nikaimbisha mimi kutoka mahali pangu. Jua halijapanda sana, yule mtoto wa dada yake akarudi. Safari hii hakuongea na Fundi, alikuja moja kwa moja penye mlango, akasimama, na kabla hajafungua mdomo tulishajua.

Bi Kidawa amefariki.

Nisiwafiche, nilihisi kama chini yangu kumechimbwa. Wenzangu waliangua kilio palepale juu ya chokaa. Nyinyi mnajua desturi yetu. Habari ikifika, unaacha unachofanya, unajifunga kanga, unakwenda msibani. Nyimbo zinakatika. Wanawake ndio wanaomwosha mwanamke mwenzao. Lakini nyuma yetu ilikuwa imelala chokaa mbichi nusu sebule, na chokaa iliyomwagwa haijui msiba. Tukiondoka, jioni imegeuka makapi. Sebule imeharibika, na kauli yake mwenyewe ya kutundika kipande imetimia siku anayozikwa.

Tukabishana, kwa sauti za chini, na machozi yanatoka. Mmoja akasema tutaonekana tumempenda Mzungu kuliko marehemu. Mwingine akasema tupige bila kuimba. Bi Mwanahamisi, aliyekuwa mkubwa wetu na mahali pake palikuwa kushoto kwa Bi Kidawa, alikuwa anakifuta kipande chake. Mwisho akasema, "Kidawa akituona tumefika msibani na mikono mikavu, atatuuliza sakafu tumemwachia nani." Basi tukawatuma wawili wanaojua kuosha watangulie. Waliobaki tukabaki.

Tulijaribu kupiga kimya. Haikuwezekana. Kila kipande kilishuka wakati wake, huyu analia, huyu anapiga kwa hasira. Nilisikia sakafu inaharibika chini ya mkono wangu na sikujua la kufanya, maana wimbo hauimbiki na bila wimbo hakuna kazi. Hapo ndipo Bi Mwanahamisi alipoanza, polepole, kwa sauti ile ya kusindikiza jeneza: La ilaha illallah. Kipande chake kikashuka mwishoni mwa neno. Tukamfuata. La ilaha illallah, kipande. La ilaha illallah, kipande. Mikono ikakutana.

Juu ya paa Fundi Shomari na wenzake walikuwa wanafunga makuti ya mwisho. Wakaacha kufunga. Kisha tukawasikia wanaitikia kutoka juu, sauti za wanaume zinashuka kupitia kwenye boriti. Bwana Bilaranda alikuwa amesimama nje na kofia mkononi. Tulipiga vile mpaka tukafika kwenye jiko, na hakuna aliyeinua uso. Nimefanya kazi miaka mingi baada ya siku ile na sijawahi kusikia tena kazi ya namna hiyo.

Tulikwenda msibani na chokaa kwenye vidole. Baada ya alasiri wanaume wakamzika.

Asubuhi yake nilitoka matangani nikaenda kuinyunyizia sakafu maji, maana ikiachwa kavu inachanika. Jua lilikuwa linaingia kwa lile dirisha moja la upande wa barabara. Nikaona sehemu ya mlangoni imekaa vizuri, ina rangi ya maziwa ya jana. Sehemu ya zikri nayo imekaa vizuri. Lakini katikati yake, kuanzia tulipoketi asubuhi ya siku ya tatu mpaka kwenye jiko, kulikuwa na mstari mweupe zaidi, uliokauka mapema kuliko kwingine. Nikaumwagia maji. Kwingine yalitandaa, pale yalizama.

Sikuelewa. Nikachuchumaa pembeni yake kama ninavyochuchumaa kazini, na bega langu la kushoto, lililozoea kumgusa Bi Kidawa, likakuta hewa. Ndipo nilipojua. Upana wa ule mstari ulikuwa upana wa mtu mmoja aliyeketi. Mimi nilikuwa mahali pangu, kulia. Bi Mwanahamisi alikuwa mahali pake, kushoto. Na katikati yetu, bila mtu yeyote kusema neno, tulimwachia Bi Kidawa nafasi. Tulirudi nyuma nayo mpaka mwisho, kila mmoja anajibana asiiguse, kwa adabu. Vipande vyetu viliifikia kidogo tu, kwa ncha. Nililia pale peke yangu kuliko nilivyolia msibani.

Bwana Bilaranda alinikuta hapo. Akainama, akaupapasa ule mstari, akauliza, "Bi Tatu, hapa pana nini?" Nikamweleza. Akakaa chini sakafuni, mzee wa watu, na suruali yake safi.

"Usipaguse," akasema. "Nyumba nzima nimetafuta alama ya mkono. Hii ndiyo."

Nilimhurumia, maana nilijua anasema kwa heshima. Na Mungu anisamehe, kwa muda nilitaka kumkubalia. Nani asingependa Bi Kidawa awe na nafasi yake mle milele, wageni waonyeshwe? Lakini kiangazi kingekuja, ufa ungeanzia palepale, ungepita katikati ya sebule mpaka mlangoni, na watu wangesema sakafu ya Kidawa ilipasuka.

"Bwana," nikamwambia, "hii si alama ya mkono. Hapa ni mahali ambapo mkono haukufika."

Akanitazama. Kisha akainuka, akachukua ndoo mwenyewe akaenda kuchota maji.

Sikuwa na wakati wa kuwaita wenzangu, chokaa ilikuwa inakimbia. Niliulowesha ule mstari, nikauchokoa juu kwa makali ya kipande, nikamwagia chokaa laini. Halafu nikasimama nikiwa nimeshika kipande na sikuweza kuketi. Ilikuwa nafasi yake. Kuketi pale ilikuwa kama kukubali kwamba hatarudi. Niliketi hivyohivyo, nikapiga, na zikri midomoni. Muda kidogo nikasikia mtu anashusha pumzi upande wangu wa kushoto. Bi Mwanahamisi, na kanga ya msiba, amekuja bila kuitwa. Wengine wakafuata nyuma yake. Hakuna aliyeniambia nihame.

Nikufundisheni hili, mkipata siku moja kuiona chokaa. Sakafu changa ukiipiga inaguna. Iliyoiva inajibu, inalia kama mtungi mzima. Tuliupiga ule mstari unaguna, unaguna, mpaka mikono ikafa ganzi, na alasiri ukajibu. Fundi Shomari alikuwa mlangoni. Aliisikia ile sauti, akaingia, akapiga kisigino mahali pote, kulia, kushoto, katikati. Alivua kofia yake akajifuta uso, na sikujua ni jasho au nini.

Kiangazi kikaja, kikaisha, Bwana Bilaranda anatembea juu yake kwa magoti akitafuta ufa, hakuupata. Wala hakuweza tena kumwonyesha mgeni ule mstari ulikuwa wapi.

Lakini vyumba vilivyobaki havikungoja kiangazi. Tulipoanua matanga, Fundi Shomari alikuja mwenyewe nyumbani kwangu, akabisha hodi, akasema chokaa ya vyumba imeshachanganywa, kina mama waje. Tukaenda. Wenzangu wakaketi kila mtu mahali pake, wakaiacha nafasi ya katikati, wakanitazama. Nikaingia, nikaketi, nikainua kipande. Nikaanza ule wimbo wake wa makuti, sauti ikanikatika kwenye neno la pili, nao wakaitikia kabla sijaumaliza mstari.